Shokoa na Mwenye Mierezi: Makampuni, Serikali na Kazi ya Kulazimishwa katika Mashamba ya Muheza

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na neno shokoa katika habari za Mfalme Sulemani. Katika 1 Wafalme 5 twaelezwa kwamba mfalme alitoza shokoa ya watu 30,000 katika Israeli yote, akawapeleka Lebanoni kwa zamu, watu 10,000 kila mwezi, kwa ajili ya miti ya hekalu. Aliyewasimamia aliitwa Adoniramu. Mwenye miti alikuwa Hiramu, mfalme wa Tiro, naye alilipwa ngano na mafuta mwaka kwa mwaka. Mwisho wa msimamizi wa shokoa tunausoma katika sura ya 12: watu walipochoka, walimpiga kwa mawe hata akafa. Hiramu hatajwi hapo. Alitoa mierezi yake, akapokea ngano yake, na hakuna aliyemwendea kumwuliza mapatano yale yalitimizwa kwa jasho la nani.

Tumeitanguliza habari hiyo kwa kuwa yatusaidia kulielewa jambo lililotokea karibu nasi zaidi, katika mashamba ya kahawa, mpira na mkonge ya Muheza na wilaya jirani. Huku nako palikuwa na mtawala, palikuwa na msimamizi, na palikuwa na mwenye mali aliyepokea faida. Msimamizi tunamkumbuka: akida, jumbe, mnyapara mwenye kiboko. Serikali ya kikoloni nayo tunaikumbuka, na watoto wetu hufundishwa habari zake shuleni. Kampuni hatuikumbuki sana. Imebaki kuwa jina la shamba, au jina la kituo cha basi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna kampuni ya biashara inavyoweza kufaidi kazi ya kulazimishwa pasipo kumgusa mtu kwa mkono wake, na kuuliza ni kipimo gani kitumike ili kujua imehusika kwa kiasi gani.

Kampuni iliyokuwa serikali

Mwanzoni hapakuwa na mpaka kati ya hao wawili. Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, yaani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa na Carl Peters na wenzake, ilipewa hati ya ulinzi na Kaisari mwaka 1885. Mwaka 1888 ilichukua kutoka kwa Sultani wa Zanzibar utawala wa mwambao wetu, pamoja na haki ya kutoza ushuru. Utawala huo haukudumu hata mwaka. Pangani ilisimama chini ya Abushiri bin Salim, mwambao mzima ukawaka moto, na kampuni ikalazimika kuomba majeshi kutoka Berlin. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Tangu Januari 1891 dola ya Ujerumani ilitawala yenyewe.

Kampuni ilivua kofia ya utawala, lakini ardhi na mashamba yake ilibaki nayo. Kabla ya vita ile palikuwa tayari na shamba la tumbaku huko Lewa, na baadhi ya waliolima hapo walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao wa pwani: mtumwa alifanya kazi, bwana akapokea ujira au sehemu yake. Tukitafuta mfano wa mapema wa jambo tunaloeleza, hatuna haja ya kwenda mbali. Kampuni ile haikununua mtumwa hata mmoja. Ilikodi tu.

Mwaka 1891 kampuni ilifungua shamba la kahawa Derema, katika milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, aliyekuwa mtumishi wake, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipita Hamburg, ikafika 62 tu ikiwa hai, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katika miche hiyo 62 ndimo ulimotoka mkonge wa Tanga. Reli iliyoanza kujengwa Tanga ilifika Muheza mwaka 1896. Nayo iliendeshwa na kampuni, ikaishiwa na fedha, serikali ikainunua mwaka 1899. Mwaka 1902 serikali ilianzisha chuo cha utafiti wa kilimo huko Amani ili wenye mashamba wapate mbegu na elimu ya udongo. Basi ardhi ilipatikana, reli ilipatikana, na elimu pia. Kilichokosekana ni watu.

Kwa nini watu walikosekana?

Wazungu wenye mashamba walikuwa na jibu lililorudiwa miaka mingi: Mwafrika ni mvivu. Jibu hilo halina haja ya kukanushwa kwa maneno mengi. Mbondei na Mshambaa walikuwa na migomba yao, mahindi yao na mbuzi wao. Mvua ya milima ile ni ya kutosha, na mtu mwenye shamba lake hana sababu ya kuacha palizi yake ili akapalilie ya mwingine kwa ujira mdogo na kiboko juu yake. Kampuni ilijaribu hata kuleta vibarua wa Kichina na Wajava kutoka Singapuri, jambo lililogharimu fedha nyingi na kuleta faida kidogo. Ujira mzuri zaidi ungeweza kuwavuta wenyeji, lakini ungepunguza gawio la wanahisa wa Berlin. Ikabaki njia ya tatu, nayo ilikuwa mikononi mwa serikali.

Sheria ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, wakati wa Gavana Liebert. Kibanda cha kawaida cha shamba kilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Tunaomba msomaji aitazame kodi hiyo kwa makini, maana hapo ndipo ufundi wote ulipo. Serikali ilihitaji mapato, hilo ni kweli, lakini maofisa wenyewe walisema wazi kwamba kodi ingewafundisha watu kutafuta kazi. Mtu asiye na rupia alikuwa na njia chache: auze mazao au mifugo, kama soko lipo, akalipe kwa kazi, au aende shambani kwa Mzungu. Aliyekaidi alifuatwa na askari. Kwa hiyo mtu alipofika kwenye lango la shamba alionekana amekuja kwa hiari yake, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, anaomba kazi. Karani aliandika jina lake. Kampuni haikumlazimisha.

Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, jambo lilikwenda mbele zaidi. Kabla ya mwaka 1910 ofisi ya wilaya iliweka utaratibu wa vipande: kila mwanamume wa Kishambaa aliyeweza kufanya kazi alipewa kadi, akatakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, na siku hizo zikawekewa alama. Asiyejaza kipande chake alichukuliwa kufanya kazi za serikali. Jumbe alipeleka watu, bwana shauri alihesabu kadi, mwenye shamba alitia alama. Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa! Kila mmoja alishika kipande kidogo cha jambo, na hakuna aliyelishika lote.

Yatupasa pia kusema kwamba hao wote hawakuwa na nia moja. Bernhard Dernburg, aliyesimamia mambo ya makoloni katika serikali ya Berlin, alitembelea nchi hii mwaka 1907, akashangazwa na wingi wa Wazungu waliotembea na viboko mkononi. Gavana Rechenberg, aliyetawala kuanzia 1906 hadi 1912, alikuwa ameona Vita vya Maji Maji vilivyotokana na nini, wala hakutaka moto mwingine kaskazini. Alipendelea mwenyeji alime zao lake mwenyewe na kuliuza. Kwa ajili hiyo wenye mashamba walimshambulia vikali, na gazeti lao la Tanga, Usambara-Post, likawa sauti ya malalamiko yao. Kwao, kosa la serikali lilikuwa kulazimisha kidogo mno. Jambo hili tunaliweka akiba, kwa sababu tutalihitaji huko mbele.

Kufikia mwaka 1913 nchi ilisafirisha mkonge zaidi ya tani 20,000. Watu wapatao 90,000 walikuwa wakifanya kazi katika mashamba ya Wazungu, wengi wao wakitoka mbali, hasa Unyamwezi na Usukuma, wakiletwa na mawakala waliolipwa kwa kila kichwa.

Mkataba wa 1930 na mlango wa nyuma

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walipewa Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Mashamba mengi ya Wajerumani yaliuzwa, na Wagiriki, Wahindi, Waswisi na Waingereza wakaingia. Kisha Wajerumani wengine wakarudi. Katika miaka hiyo ndipo neno manamba lilipokaa katika lugha yetu. Mtu aliyetoka Songea, Kigoma, Ubena au hata Burundi aliandikwa kwa namba, akaitwa kwa namba, akapewa kipande chenye siku 30 alizotakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42. Wengi walikuja kwa sababu ya kodi na njaa, si kwa kamba. Hatutasema kwamba kila manamba alikuwa mtumwa; wengine walirudi kwao na baiskeli, na wengine walikuja tena mara ya pili na ya tatu.

Mwaka 1930 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba wa 29 juu ya kazi ya shuruti, na Uingereza ikauridhia mwaka uliofuata. Mkataba huo una jambo moja ambalo twaona ni la hekima kubwa. Haukuishia kueleza kwamba kazi ya shuruti ni ile inayofanywa kwa kutishiwa adhabu na ambayo mtu hakujitolea kwa hiari. Katika kifungu cha 4 uliikataza serikali kulazimisha kazi, au kuruhusu ilazimishwe, kwa manufaa ya watu binafsi, makampuni au vyama vyao. Yaani uliuliza swali ambalo Israeli hawakumwuliza Hiramu: ni nani anayefaidi?

Lakini mkataba ulikuwa na mlango wa nyuma. Kazi inayotakiwa wakati wa vita au msiba mkubwa haikuhesabiwa kuwa kazi ya shuruti. Mlango huo ulifunguliwa miaka kumi tu baadaye.

Vita ilipoanza mwaka 1939, mashamba ya Wajerumani yaliwekwa chini ya Msimamizi wa Mali ya Adui. Mapema mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na Java, na kamba za merikebu za mataifa ya Magharibi zikakosa malighafi. Ghafula mkonge wa Tanga ukawa silaha. Mpira nao vilevile: miti ya mpira ya zamani, iliyoachwa porini tangu bei ilipoanguka mwaka 1913, ikaanza kugemwa tena. Serikali ilitumia kanuni za ulinzi za wakati wa vita kuwaandikisha watu kwa nguvu, maelfu kwa maelfu, na kuwapeleka katika mashamba hayo. Ugogo, iliyokuwa katika njaa kali wakati huo huo, ilitoa watu wengi. Machifu walipewa hesabu ya watu wa kutoa, nao walitoa, mara nyingi wale wasio na mtetezi.

Hapa ndipo swali la manufaa linapokuwa gumu. Mkonge ulinunuliwa na serikali ya Uingereza kwa bei iliyopangwa, ili kuendesha vita. Lakini shamba lilikuwa mali ya mtu binafsi au kampuni; mwenye shamba ndiye aliyeuza, naye ndiye aliyebaki na korona zake, reli zake ndogo za toroli na mikonge yake iliyopaliliwa, vita ilipokwisha. Je, Mgogo yule aliyetumwa Muheza alimtumikia Mfalme, au alimtumikia mwenye shamba? Serikali ilijibu: alimtumikia Mfalme. Sisi twasema aliwatumikia wote wawili, na ni mmoja tu kati ya wale wawili aliyeweza kudai kwamba alilazimika.

Wala hatusemi kwamba vita ile haikustahili kupiganwa. Wengi wa vijana wetu waliipigana Burma. Twasema tu kwamba chama cha wenye mkonge hakikutegemea utaratibu huo uwaletee watu milele. Mwaka 1944 kiliunda ofisi yake ya kutafuta wafanyakazi, ile iliyojulikana kote nchini kwa jina la Silabu, nayo ikachukua mahali pa bwana shauri.

Kipimo kimoja kutoka Nuremberg

Ili kupata kipimo tulichokiahidi, hatuna budi kwenda Ujerumani kwenyewe, ambako katika miaka ile ile makampuni yalitumia wafungwa na watu waliotekwa nchi za Ulaya. Baada ya vita wakuu wa kampuni ya kemikali ya IG Farben, iliyojenga kiwanda karibu na kambi ya Auschwitz, walishtakiwa Nuremberg, na hukumu ikatolewa mwaka 1948. Walijitetea kwamba serikali ya Hitler iliwalazimisha kupokea wafanyakazi wale, na kwamba kukataa kungewahatarisha. Mahakama iliukubali utetezi huo kwa wengi wao. Lakini iliwatia hatiani watano katika shtaka la utumwa, wale ambao, kwa maoni yake, walitangulia wenyewe kutafuta na kupanga kazi hiyo pale Auschwitz.

Tukikitumia kipimo hicho kwetu, tutaona mambo mawili tofauti. Mwenye shamba wa 1942 aweza kusema kwamba utaratibu ulitoka juu, ingawa tungependa kumwuliza kama alipinga au alituma barua ya kuomba watu zaidi. Wenye mashamba wa Usambara wa 1907 hawana utetezi huo. Serikali yao ilisitasita, wao wakaisukuma; gavana alikataa, wao wakamwandika vibaya gazetini. Tuliweka akiba ugomvi wao na Rechenberg kwa sababu hiyo.

Mwaka 2000 Ujerumani ilianzisha mfuko wa marki bilioni 10, nusu yake ikitoka kwa serikali na nusu kwa makampuni, kwa ajili ya walionusurika na kazi ya kulazimishwa ya wakati wa Hitler. Kufikia mwaka 2007 watu zaidi ya milioni 1.6 walikuwa wamelipwa. Jambo linalotuhusu sisi Walutheri ni kwamba Kanisa la Kiinjili la Ujerumani pamoja na Diakonia yake liliweka marki milioni 10 katika mfuko huo, kwa kukiri kwamba taasisi za kanisa nazo zilitumia watu wa namna hiyo katika mashamba, hospitali na makaburi. Ni vema tukumbuke kwamba lilikuwa kanisa lile lile lililotoa wamisionari waliopanda milima ya Usambara mwaka 1891. Mfuko huo haukuhusu makoloni. Rais Steinmeier alipofika Songea mwezi wa Novemba 2023 aliomba msamaha kwa ajili ya Maji Maji. Makampuni ya mashamba ya kaskazini hayakuwa kiini cha ziara ile.

Baada ya uhuru

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, lakini isingekuwa haki. Tanganyika iliridhia Mkataba wa 29 mwanzoni mwa mwaka 1962, pamoja na ule wa 1957 unaofuta kazi ya shuruti inayotumika kama njia ya kukuza uchumi. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na baadaye ikaundwa Mamlaka ya Mkonge. Bei ilikuwa imekwisha kuanguka kwa sababu ya kamba za nailoni, na vijana hawakutaka tena kukata mkonge. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowataka watu wote wenye uwezo wawe na kazi. Wakazi wa mijini walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa mashambani. Wataalamu wa Shirika la Kazi walionya mara nyingi kwamba sheria hiyo haipatani na mikataba tuliyoitia sahihi.

Hatulinganishi utawala ule na wa Kaisari. Nia zilikuwa mbali sana. Lakini kwa habari ya kipimo chetu kulikuwa na hatari mpya: mwenye shamba na mtawala walikuwa wamerudi kuwa mtu mmoja, kama mwaka 1888. Mtu aliyekamatwa angemlalamikia nani dhidi ya nani? Leo ibara ya 25 ya Katiba yetu yakataza kazi ya shuruti, na sheria ya ajira ya mwaka 2004 yaifanya kuwa kosa la jinai.

Muheza ya sasa yajulikana zaidi kwa machungwa. Lakini msafiri akiingia ndani kuelekea Ngomeni au Mlingano ataona bado mistari ya mkonge, na kandokando yake makambi ya zamani. Humo wanaishi wajukuu wa Wabena, Wamakonde, Waha na Wanyamwezi, Waswahili wa kuzaliwa, wasiokijua kijiji walikotoka babu zao. Mbondei ana ardhi ya ukoo wake, wao hawana. Katika miaka ya karibuni serikali imefuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa ili ardhi igawiwe wananchi, na migogoro imekuwa mingi: mwekezaji ana ramani, wenyeji wana makaburi ya mababu, na mtoto wa manamba ana mwembe uliopandwa na babu yake nyuma ya kambi. Mchungaji anayehudumu katika vijiji hivyo huitwa mara nyingi kusuluhisha. Tungependa, kabla hajaenda, ajue jinsi yule babu alivyofika pale, na ni nani aliyeandika barua ya kumwita.